Bonde la Mto Tana: Nani amsimulie mgeni habari zake?

MKAZI wa Nairobi anapofungua mfereji jikoni asubuhi, sehemu kubwa ya maji anayokinga imetoka katika bonde la Mto Tana, kwani mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yamejengwa kwenye vijito vinavyoteremka kuelekea mto huo. Anapowasha taa, huenda umeme wake umezalishwa na maji ya mto uo huo.

Naye mwanawe anaposimama mbele ya bendera shuleni kuimba Wimbo wa Taifa, anaimba kwa lahani iliyotokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo, kwenye kingo za Tana, alikuwa akimbembelezea mtoto alale.

Licha ya uhusiano huo wa karibu, ni Wakenya wachache wanaoweza kueleza Tana ni mto wa namna gani, ni akina nani wanaoishi kandokando yake, na ni mambo gani yaliyotendeka huko. Wengi huusikia tu unapovunja kingo zake wakati wa masika, au damu inapomwagika baina ya wakulima na wafugaji.

Pengo hilo ndilo linalokusudiwa kuzibwa na taaluma iitwayo ufasiri wa urithi. Makala haya yanaeleza taaluma hiyo ni nini, bonde la Tana lina hazina gani ya kufasiriwa, na kwa nini swali la nani afasiri limewahi kufikishwa hadi Mahakama Kuu.

UFASIRI WA URITHI NI NINI?

Kufasiri urithi si kutafsiri maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Ni kazi ya kumwezesha mtu aliyefika mahali fulani, au anayeishi hapo bila kupatambua, aelewe maana ya anachokiona. Mti, jiwe, kaburi au kijito havisemi. Anahitajika mtu, bango, ramani au jumba la makumbusho la kuvisemea.

Mmoja wa waliotangulia kuiwekea kazi hiyo kanuni ni mwandishi Mmarekani Freeman Tilden, ambaye mwaka 1957 alichapisha kitabu kuhusu ufasiri katika mbuga za taifa za nchi yake. Alishikilia kwamba kumlundikia mgeni taarifa si kumfasiria. Lengo, kwa maoni yake, ni kumchochea mgeni afikiri, na hilo haliwezekani iwapo anachoelezwa hakihusiani kwa vyovyote na maisha yake mwenyewe.

Mwaka 2008, Baraza la Kimataifa la Minara na Maeneo ya Kihistoria, ICOMOS, lilipitisha mkataba wake kuhusu ufasiri wa maeneo ya urithi. Mkataba huo unasisitiza kwamba maelezo yatokane na ushahidi wa kitaalamu pamoja na mapokeo ya wenyeji, na kwamba jamii zinazohusika zishirikishwe tangu mwanzo.

Nchini Kenya, msingi wa kisheria upo. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ilipitishwa mwaka 2006. Mwaka uliofuata, Kenya ilijiunga na mkataba wa UNESCO wa 2003 unaolinda turathi zisizoshikika, zikiwemo nyimbo, masimulizi na ufundi wa jadi. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni katika maeneo yao.

MTO UNAOHAMA

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini. Chimbuko lake ni miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Kutoka huko husafiri takriban kilomita 1,000, ukipita nyanda kavu za mashariki, ukazipitia Garissa, Hola na Garsen, na hatimaye kuingia Bahari Hindi karibu na Kipini.

Katika sehemu ya juu, mto umefungwa kwa mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Kindaruma lililokamilika mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Kwa pamoja mitambo hiyo ina uwezo wa kuzalisha karibu megawati 600.

Baada ya hapo, Tana hupita kati ya Mbuga ya Meru na Kora, mahali ambapo George Adamson, mlezi mashuhuri wa simba, aliishi hadi alipouawa na majangili mnamo Agosti 20, 1989. Kuanzia Garissa kwenda chini, mto hauna kijito cha kudumu kinachouongezea maji. Unakuwa mstari mmoja wa kijani katikati ya nchi kame.

Jambo la kwanza ambalo mfasiri wa bonde hili hana budi kulieleza ni kwamba Tana ya chini haikai mahali pamoja. Mto hula ukingo mmoja na kuujenga mwingine. Kila baada ya miaka kadhaa hukata njia mpya na kuacha nyuma yake maziwa yenye umbo la mwezi mwandamo, ambayo huwa mashamba ya mpunga na mahali pa kuvua samaki.

Mwaka 1989 mto uliuacha mkondo wake wa zamani huko Hola, na mradi wa unyunyizaji uliotegemea pampu zilizokuwa ukingoni ukazorota. Karne moja kabla ya hapo, binadamu ndiye aliyeubadilisha: mfereji wa Belazoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha Tana na Mto Ozi, ulipanuliwa na mafuriko kiasi kwamba maji mengi ya Tana sasa hufika baharini kwa kupitia Ozi.

Mafuriko yenyewe yana sura mbili. Yale ya 1961, ya El Nino ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 hadi 2024 yaliwafukuza maelfu ya watu makwao. Hata hivyo, mafuriko ya kadiri, yanayokuja mara mbili kwa mwaka, ndiyo yanayoleta rutuba shambani, majani malishoni na samaki maziwani. Bila mafuriko, msitu wa ukingoni haujizalishi.

Ndiyo maana kupungua kwa mafuriko ya kawaida baada ya kujengwa kwa mabwawa, hasa lile la Masinga mwaka 1981, kumewatia wasiwasi wanasayansi na wakulima vilevile. Mgeni anayeambiwa tu kwamba mafuriko ni balaa ameambiwa nusu ya habari.

WANYAMA WASIOPATIKANA KWINGINE

Kati ya Hola na Garsen, kwenye kingo zote mbili, kuna vipande vya msitu ambavyo wataalamu wa viumbe hutoka mbali kuja kuviona. Humo wanaishi mbega mwekundu wa Mto Tana na mangabei wa Mto Tana. Wote wawili hawapatikani popote pengine duniani, na wote wamo katika orodha ya wanyama waliokaribia mno kuangamia. Sensa iliyofanywa mwaka 1994 ilikadiria kwamba kila aina ilikuwa na wanyama elfu moja na ushei pekee.

Mbega hula majani na huishi juu ya miti, naye hushuka chini kwa nadra. Mangabei ni mwenye mwendo. Hutembea ardhini kwa makundi makubwa akitafuta matunda na mbegu. Msitu unapokatwa vipandevipande, mbega hubaki kama mtu aliyezingirwa na maji kisiwani, ilhali mangabei huthubutu kuvuka kwenda kipande kingine.

Wataalamu wanaamini kuwa wanyama hao ni mabaki ya enzi ambapo misitu ya Afrika ya Kati ilienea hadi pwani ya Bahari Hindi. Hali ya nchi ilipozidi kukauka, misitu ilirudi nyuma, nao wakasalia kando ya mto uliowanywesha.

Upande wa mashariki wa mto, katika Kaunti ya Garissa, anaishi hirola, swara ambaye idadi yake haifiki 500 kwa makadirio ya wahifadhi. Jamii ya Wasomali wa eneo la Ishaqbini ilitenga sehemu ya malisho yake kwa ajili ya mnyama huyo, na mwaka 2012 ikafunguliwa hifadhi iliyozungushiwa ua ili kumkinga dhidi ya wanyama wawindao.

Kwenye lango la mto kuna delta yenye mabwawa, mbuga za majani, mikoko na matuta ya mchanga. Ndege wa majini hukusanyika hapo kwa maelfu, wakiwemo wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia. Mwaka 2012, hekta 163,600 za delta hiyo ziliorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar unaolinda maeneo ya ardhi oevu.

WATU WA UKINGONI NA WATU WA NYIKANI

Wapokomo, wauitao mto huo Tsana, ni wakulima na wavuvi. Vijiji vyao vimefuatana na mto kutoka kaskazini hadi delta, na mashamba yao ya migomba, miembe, mahindi na mpunga yamejipanga ukingoni. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili na lugha za Mijikenda. Msomaji wa Kiswahili akiwasikiliza kwa makini hatakosa kuyatambua maneno mengi.

Karibu na Ozi, wakulima wamejifunza kupanda mpunga kwa kufuata kupwa na kujaa kwa bahari: maji chumvi yanapojaa huyasukuma maji baridi ya mto yakapanda na kuingia mashambani. Ni elimu ya uhandisi isiyoandikwa kitabuni, na inatishika kwa kuwa katika miaka ya karibuni chumvi yenyewe imeanza kuingia mbali zaidi bara.

Waorma ni wafugaji wa ng'ombe wanaozungumza lugha ya jamii ya Kioromo. Mvua inaponyesha, huipeleka mifugo nyikani. Kiangazi kinapobana, hurudi mtoni kwa njia maalum ziitwazo malka, zinazopita kati ya mashamba hadi majini. Pamoja nao wako Wawardei na Wasomali.

Aidha, bonde lina jamii ndogo ambazo habari zake hazisikiki sana. Waata, ambao jirani zao huwaita Wasanye, walikuwa wawindaji na warina asali. Wailwana, au Wamalakote, wanazungumza lugha ya Kibantu iliyokopa kwa wingi kutoka Kiorma. Wako pia Wamunyoyaya, Wabajuni wa pwani, na wavuvi Waluo waliohamia maziwa ya delta.

Kila jamii ina baraza lake. Wazee wa Wapokomo hukutana katika gasa, na Waorma wana matadheda. Kwa muda mrefu, mabaraza hayo mawili ndiyo yaliyoamua mifugo ipite wapi na lini, na mkulima alipwe nini shamba lake likikanyagwa. Mapatano hayo nayo ni urithi, sawa na ngoma au jengo la kale.

Makubaliano hayo yaliposhindwa kustahimili ukame, silaha na siasa, matokeo yalikuwa mauaji. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta, wakiwemo wanawake na watoto. Mapigano mengine yalikuwa yametokea mwaka 2001.

MAHALI PENYE KUMBUKUMBU

Bonde la chini la Tana lina maeneo mengi ya kihistoria ambayo msafiri wa Lamu hupita karibu nayo bila kujua.

Kando ya bahari, karibu na Kipini, yako magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wenye msikiti mkubwa, uliofukuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Eneo hili la Ozi ndilo ambalo mapokeo mengi hulitaja kuwa nchi ya Fumo Liongo, shujaa na malenga anayejulikana kwa kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na yako mapokeo yasemayo kuwa alizikwa huko. Wapokomo nao wana masimulizi yao kumhusu.

Huko Golbanti, wamishenari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe Annie waliuawa mwaka 1886 katika uvamizi wa Wamaasai. Ngao, iliyo jirani, ikawa kituo cha wamishenari Wajerumani wa Neukirchen kuanzia 1887. Wakati huo Witu ilikuwa usultani chini ya ulinzi wa Wajerumani, hadi Uingereza ilipouchukua mwaka 1890.

Hola ndiyo kumbukumbu chungu zaidi. Machi 3, 1959, walinzi wa kambi ya kikoloni iliyokuwa hapo waliwapiga wafungwa wa Mau Mau waliokataa kufanya kazi ya sulubu, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulifichua ukweli, suala hilo likatikisa Bunge la Uingereza mwezi Julai mwaka huo, na mfumo mzima wa kambi za kizuizini ukaporomoka.

Hapo mtalii na mwanafunzi wana jambo la kutafakari. Mfereji wa mashamba ya Hola, ambao leo huonekana kama kazi ya kawaida ya kilimo, ulianza kuchimbwa kwa mikono ya wafungwa. Mgeni asipoelezwa, ataona mahindi tu.

MSITU ULIOSIMULIWA NUSU

Mfano ulio wazi kuliko yote wa ufasiri uliokwenda kombo ni ule wa Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana. Hifadhi hiyo, yenye ukubwa wa takriban kilomita 170 za mraba, ilitangazwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega na mangabei.

Masimulizi yaliyoenezwa kuihusu yalikuwa mepesi kueleweka: hapa kuna wanyama adimu, na watu wanawamalizia msitu. Kwa msingi huo, mradi wa kimataifa uliodhaminiwa kupitia Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1996, ulijumuisha mpango wa kuzihamisha familia zilizokuwa zikiishi na kulima ndani ya hifadhi.

Wakazi wengi walipinga. Kwao, ule haukuwa msitu mtupu uliovamiwa na watu. Ulikuwa mashamba ya mababu, makaburi, mikindu ya kusukia mikeka na miti ya kuchongea mitumbwi. Waliuliza: ikiwa wamekaa na wanyama hao vizazi na vizazi, na wanyama bado wapo, nani hasa aliyewahifadhi?

Mradi ulikoma mwaka 2001 kabla ya kufikia malengo yake. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi hiyo haikuanzishwa kwa kufuata sheria, kwa kuwa wenyeji hawakushauriwa. Wahifadhi waliuona uamuzi huo kuwa pigo kwa wanyama. Wakazi waliuona kuwa haki iliyochelewa.

Wote wawili walikuwa na hoja. Msitu umeendelea kupungua, na si haki kuwasingizia wageni kila shoka. Hata hivyo, ni bayana kwamba simulizi lisilo na mahali pa mwenyeji halimpi mwenyeji sababu ya kulilinda. Si ajabu kwamba hatua iliyofuata, ya Wapokomo kuunda hifadhi ya jamii ya Ndera, ilianza kwa kuwaweka wakazi wenyewe kwenye usimamizi na doria.

Funzo kama hilo lilijirudia katika delta. Mipango ya kulima miwa kwenye maelfu ya hekta ilipofikishwa mahakamani, uamuzi wa Februari 2013 ulisisitiza kwamba matumizi ya ardhi yapangwe kwa kuwashirikisha wakazi.

NGOMA ILIYO GHALANI

Hakuna urithi wa bonde hili unaozungumziwa kwa uchungu kama ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo. Ilikuwa chini ya ulinzi wa wazee wa kijo, chama cha siri kilichoshika mamlaka ya jamii, na haikuonwa na kila mtu. Mlio wake ndio uliotangaza mambo mazito na kuwakusanya watu.

Mwaka 1902 maafisa wa kikoloni waliitwaa. Tangu 1908 imekuwa mali ya Makumbusho ya Uingereza jijini London, na kwa miaka yote hiyo imekaa ghalani badala ya kuonyeshwa kwa umma. Wazao wa walinzi wake wamesafiri hadi huko na kuruhusiwa kuiona. Wameomba irudishwe, lakini haijarudi.

Kwa mfasiri wa urithi, ngoma hiyo inazua maswali mazito. Je, kifaa ambacho jamii ilikificha machoni pa wengi kinafaa kuwekwa ndani ya kabati la kioo, iwe ni London au Hola? Kikirudi, nani akitunze? Na ikiwa kizazi cha leo hakijawahi kuusikia mlio wake, mtoto wa Kipokomo aelezweje kile kilichonyamazishwa?

Inafaa kukumbuka kwamba bonde hilohilo lililopokonywa ngoma ndilo lililolipa taifa sauti yake. Mwaka 1963, jopo la wanamuziki lililomjumuisha Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi lilitumia lahani ya bembelezi la Kipokomo, iliyotolewa na Mzee Meza Galana, kutunga Wimbo wa Taifa. Kila siku Wakenya huimba kwa sauti ya Tana, na wengi hawajui.

KAZI NJEMA HUFANYWAJE?

Kutokana na mifano hiyo, yapo mambo ambayo mpango wowote wa kulifasiri bonde la Tana hauwezi kuyakwepa.

Kwanza, asili na utamaduni visitenganishwe. Mti wa mkindu watosha kuwa somo. Matunda yake ni chakula cha mangabei. Makuti yake huezeka nyumba, ukindu wake husukwa mikeka, na utomvu wake hugemwa tembo. Ukikatwa ovyo, mnyama hulala njaa na msusi hukosa kazi. Bango lisemalo tu jina la kitaalamu la mti huo humwacha mgeni alivyokuja. Bango liulizalo ni nani na nani wanaougombea humfanya asimame.

Pili, waelekezi wawe ni watoto wa mahali. Mvulana aliyekulia Wenje anajua mamba huota jua wapi na mto ulihama lini. Anachohitaji ni mafunzo ya sayansi na ya kuhutubia wageni, pamoja na malipo ya haki. Kumleta mtu kutoka mbali amweleze mgeni habari za nyanya ya kijana huyo ni kumvunjia heshima.

Tatu, simulizi zinazopingana zisifichwe. Mkulima ataiona malka kuwa njia ya kuharibiwa shamba. Mfugaji ataliona shamba kuwa ukuta uliojengwa kati ya ng'ombe wake na maji. Jumba la urithi linalotoa sauti moja huongeza chuki, ilhali lile linaloweka maneno ya gasa na ya matadheda ubavuni mwa mengine humsaidia kijana kuona kwamba jirani yake naye ana kiu.

Nne, lugha. Maelezo mengi katika maeneo ya urithi nchini huandikwa kwa Kiingereza, kana kwamba wageni wote hutoka ng'ambo. Kiswahili ndiyo lugha ambayo Mpokomo, Muorma na mwanafunzi kutoka Murang'a wanaweza kuisoma pamoja. Majina ya miti, samaki na mahali nayo yaandikwe kama yasemwavyo na wenyewe kwa Kipokomo na Kiorma, kabla waliobaki nayo hawajaondoka.

Tano, siri ziheshimiwe. Si kila kaburi ni la kupigwa picha, wala si kila wimbo wa jando ni wa kuimbwa jukwaani. Jamii za Mijikenda, ambazo misitu yao ya kaya iliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, zimeonyesha kuwa mahali paweza kufunguliwa kwa wageni huku sehemu nyingine ikibaki imefungwa kwa amri ya wazee.

Sita, shule zisisahauliwe. Watalii wa kigeni huja wakati wa amani na hutoweka zinaposikika habari za hujuma, jambo ambalo wakazi wa Lamu na Tana River wanalijua vyema. Mwanafunzi hatoweki. Safari ya siku moja kutoka shule ya Garsen hadi Golbanti, Ngao na maziwa ya delta haihitaji hoteli ya kifahari. Inahitaji basi, mwelekezi na mzee wa kusimulia.

Saba, mto mzima uonekane. Yule anayepanda chai kwenye miteremko ya Nyandarua na yule anayepanda mpunga Ozi hawajawahi kuonana, lakini udongo unaomomonyoka shambani mwa wa kwanza huishia bwawani Masinga, na maji yanayozuiliwa bwawani hupungua kwa wa pili. Kituo cha maelezo kando ya bwawa kingeweza kuwafanya wasafiri wanaopita waelewe kwamba mto hauishii kwenye mtambo.

WANAOBAKI KUSIMULIA

Kazi hii ina gharama, na kaunti za bonde hilo zina mahitaji mengi ya dharura: visima, zahanati, barabara. Wapo watakaosema kwamba makumbusho ni anasa panapokosekana maji safi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi mjadala. Kesi ya 2007, mapigano ya 2012 na mivutano ya ardhi inayojirudia zote zilikuwa, ndani yake, mabishano kuhusu nani alikuwapo, tangu lini, na kwa haki gani. Jamii isiyo na mahali pa kuyasema hayo kwa amani huyasema kwa njia nyingine.

Muda nao hausubiri. Wazee wanaokumbuka mto ulipopita kabla ya 1989, walioshuhudia mafuriko ya 1961, na waliosimuliwa na babu zao kuhusu mlio wa ngadji, wanapungua kila mwaka. Kila anayezikwa huzikwa na maktaba yake.

Mto utaendelea kuhama, kama ulivyofanya siku zote. Vijiji vitaufuata, na mangabei watavuka kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine maadamu vipande vimesalia. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Kwa taifa linaloamka kila asubuhi kwa maji ya Tana na kuimba kwa lahani yake, kuijua asili hiyo ni deni, na wadai wake wangali ukingoni.